Naomba ushauri: baba wa mdogo wangu wa chuo anafika Jumamosi, nimpokeeje?

Mwana_Katuba (Jumanne)

Jambo yenu bapapa, bamama na bayaya. Niko Lubumbashi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Huu ni mwaka wangu wa pili katika kundi la wanafunzi wanaopokea wapya. Wao wanatuita yaya, yaani kaka au dada mkubwa, na kila mmoja wetu ana wadogo zake. Unampokea mtoto na godoro lake, unamtafutia chumba kwa mtu asiyefunga bomba saa mbili usiku, unamwonyesha oditwari, ukumbi wa masomo, unamfundisha kwamba borderau (risiti) ya benki haipelekwi aparitora, ofisi ya kitivo, kabla ya kutoa kopi mbili, moja yake na moja ya nyumbani.

Wazazi nao unawashika mkono kwa simu. Wengi wakisikia "lisansi" wanafikiria ile ya zamani, gradua miaka 3 ndipo lisansi miaka 2. Tangu LMD, mfumo mpya wa shahada, ianze kwetu Kongo mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka 3, kila muhula krediti 30. Krediti ni nini? Hapo unaeleza mpaka salio linakatika.

Sasa mmoja wa wadogo zangu, nimwite Dogo, ana miaka 19, ametoka Kasenga, kule mtoni Luapula. Baba yake ni mvuvi. Hunipigia kila Jumapili jioni akitoka kanisani. Juzi ameniambia: "Mwanangu, Jumamosi alfajiri nafika na gari la samaki. Nataka kuona kwa macho yangu pale mtoto anaposomea udaktari."

Hajawahi kukanyaga chuo. Mzazi kama huyu mnampokeaje ili arudi na moyo mweupe? Nimpeleke wapi, nisimpeleke wapi? Nimebaki na siku nne, na usingizi umenihama.

MamaPendo_Bukavu

Mwanangu, mzazi akifika, cha kwanza anatazama shingo ya mtoto kama imekonda. Kwa hiyo anza na chakula. Bukari, sombe, na maji ya moto ya kuoga.

Mimi binti yangu wa kwanza nilimpeleka chuoni hapa Bukavu 2019. Tulitoka Bagira na beseni la vyombo, mimi nimelibeba kichwani. Tulipokaribia lango mtoto akaanza kutembea mbele, mbele kabisa, kama hanijui. Akatokea msichana mmoja wa mwaka wa pili, akanipokea lile beseni, akaliweka kichwani mwake, tukapita naye katikati ya wenzake wote. Jina lake sikuuliza. Mpaka leo namwombea. Kwa hiyo wewe mpokee mizigo kwanza, mengine yatafuata.

Papa_wa_Reli

Nimefurahi kuona kazi hii bado ipo. Vijana hawajui: mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vitatu, cha Kinshasa, cha Kisangani na cha Lubumbashi, vikawa kimoja, UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Vitivo vikagawanywa kwa miji. Lugha na fasihi vikaja Lubumbashi, ualimu ukaenda Kisangani, utabibu ukabaki Kinshasa. Ndiyo sababu mimi, mtoto wa Uvira, nilipanda meli pale Kalundu hadi Kalemie, kisha treni mpaka Lubumbashi, sina ninayemjua hata mmoja.

Juni ikanikuta na mashati mawili. Uvira ni joto, nani angeniambia kuhusu baridi ya huku? Yaya mmoja wa mwaka wa pili akalikata blanketi lake katikati kwa kisu cha mkate. Nusu yangu ilikuwa na tundu la moto pembeni, nikawa naingiza kidole ndani yake nikiwa nasoma usiku.

Huyo baba atasafiri usiku kucha juu ya gari, na sasa ni Juni. Mpelekee blanketi pale atakaposhukia.

Dkt_Mtarajiwa

Ushauri mzuri wa wazee. Lakini kuna jambo halinikai. Mimi niko utabibu, na kwetu mpya wa utabibu hupewa yaya wa utabibu, kwa sababu ndiye mwenye silabusi (vitini) za kemia na biolojia za mwaka uliopita. Wewe uko kitivo gani? Na Dogo muhula wa kwanza alipata ngapi?

Mwana_Katuba

Mama Pendo, Papa, aksanti sana. Blanketi sikuwa nimelifikiria.

Dkt, mimi niko historia. Tulikuwa wachache, tukagawana wapya jinsi walivyofika. Matokeo yake ni mazuri. Naomba turudi kwenye swali langu.

Dkt_Mtarajiwa

Mazuri katika somo gani?

Kaka_Mabati

Mpeleke kwenye mkahawa wa wanafunzi umwonyeshe bei ya sahani moja ya chisense, vile visamaki vidogo. Mvuvi mzima atacheka mpaka asahau alichokuja kuona.

BiZawadi_Goma

Mwana_Katuba, jibu swali la Dkt. Mtu akiulizwa ngapi akajibu "mazuri", kuna kitu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimewasikia wengi.

Mwana_Katuba (usiku)

Basi. Dogo hasomi utabibu.

Alihama Desemba, kabla orodha hazijafungwa. Yuko historia, mwaka wa kwanza. Wiki sita alizokaa utabibu alikuwa anatapika kila asubuhi ya kemia. Nilikuwa namkuta nje ya chumba ameinama juu ya ndoo, amevaa viatu tayari. Nikamwuliza: udaktari ni ndoto ya nani? Akasema ya nyumbani. Yeye kila akija kwangu alikuwa anasoma silabusi zangu, si zake. Ana daftari ameandika mambo aliyomwuliza babu yake, kuhusu wafanyabiashara Wagiriki waliokuwa Kasenga enzi za Wabelgiji, jinsi walivyonunua samaki wa kulisha wafanyakazi wa migodi ya Union Minière. Mtoto wa miaka 19, amejaza daftari zima kabla hata ya kufika chuo! Kazi yake ya kwanza ilikuwa juu ya mpumbu, yule samaki aliyekuwa mwingi Luapula zamani. Profesa alimpa 16 juu ya 20.

Barua ya kuhama niliandika mimi, yeye alitia sahihi. Tulikubaliana tungemwambia mzee baada ya muhula wa kwanza, matokeo yakiwa mkononi. Ikapita. Papa aliuza mashine ya mtumbwi ili hela za mwaka wa kwanza zipatikane, unaanzaje kusema jambo kama hilo kwa simu?

Nimeshaazima koti jeupe. Jumamosi hakuna masomo, oditwari iko wazi. Tutampitisha dakika kumi, apige picha, ale, apumzike. Mwezi wa nane Dogo akienda nyumbani atamweleza mwenyewe ana kwa ana. Hakuna pesa iliyopotea, risiti zote zipo. Naomba msinihukumu, nataka tu mzee asiaibike mbele ya watu wa kwao aliokwisha kuwaambia.

BiZawadi_Goma

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Wewe si yaya tena, umekuwa mzazi wa pili, na hakuna aliyekupa kazi hiyo. Halafu tazama: yaya wa historia amepokea mtoto wa utabibu, na mtoto amekuwa wa historia. Umemvuta kwako.

Mwana_Katuba

Sikumvuta. Niliona anazama.

Mtoto_wa_Luapula

Nizungumze kuhusu mashine, maana naona watu wanaipita.

Kwetu nyavu zinategwa jioni. Mwenye mashine anaondoka saa tisa za usiku na kabla ya jua yuko ufukweni, wanunuzi bado wamesimama, barafu ipo. Ukipiga kasia unafika wakati jua limeshapanda. Samaki waliokufa wavuni usiku tumbo limelainika, ukilibonyeza kidole kinabaki. Mnunuzi anakubonyezea mbele yako, bila neno, anaenda kwa mwingine. Hao unawakausha na kuwauza kwa bei ya huruma. Kila siku hivyo. Mikono ya baba yangu ilipasuka hapa, kati ya kidole gumba na cha pili, kwa sababu ya kasia. Mtu akiuza mashine ameuza alfajiri zake zote. Kama mtamvalisha mtoto koti la uongo mbele ya mtu huyo, mimi sina zaidi.

Na kuhusu mpumbu, babu yangu alikuwa akihadithia vilevile, kwamba walikuwa wakipanda mto wakati wa mvua wengi mpaka maji yanabadilika rangi. Mimi sijawahi kumwona hata mmoja. Mwambie Dogo aendelee na hilo daftari.

Asiyekunywa_Chai (Dar)

Wakuu, mnachezewa. Hii ni chai, tena imewekwa tangawizi. Baba anapiga simu kila Jumapili tangu mwaka uanze na hajawahi kuomba matokeo? Jumanne asubuhi mtu anauliza tu wapi ampeleke mgeni, usiku ana koti, daftari, Wagiriki na ndoo. Mtunzi mzuri, nampongeza.

Kaka_Mabati

Hata mimi nimeshtuka. Mbona Dogo mwenyewe hazungumzi? Ana simu, siyo?

Papa_wa_Reli

Kuhusu Wagiriki wa Kasenga si uongo. Walikuwepo, na samaki wao walikuja huku Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kulisha kambi za wafanyakazi. Hilo linajulikana.

Asiyekunywa_Chai

Papa, shikamoo, mwongo mzuri huchanganya na kweli. Lakini someni tena ule ujumbe wa usiku. Kote ameandika "mzee", "baba yake". Halafu ghafla: "Papa aliuza mashine ya mtumbwi." Papa. Si baba yake. Basi kama si chai, hakuna yaya hapa. Wewe ndiye Dogo.

MamaPendo_Bukavu

Jamani, nami nimerudi kusoma. Ni kweli ameandika hivyo. Mwanangu, kama ni wewe, sema. Hakuna atakayekupiga hapa.

BiZawadi_Goma

Sasa nimeelewa kwa nini alijua rangi ya ndoo.

Mtoto_wa_Luapula

Hakutaja rangi ya ndoo, Bi Zawadi. Tusiongeze.

Mwana_Katuba (Jumatano)

Nimekaa na simu tangu asubuhi, sijui nijibu vipi.

Mimi si Dogo. Papa yangu alifariki nikiwa mwaka wa tano wa sekondari. Nilipoanza chuo hakuna aliyepiga kuuliza nimekula nini. Huyu mzee, Jumapili ya kwanza kabisa aliponipigia, alimaliza habari za mtoto wake, kisha akasema, "Na wewe je, mwanangu, kikohozi kimeisha?" Nilikuwa nimekohoa mara moja tu wakati tunaongea. Tangu siku hiyo hakuna Jumapili aliyosahau. Nikiandika "papa" mkono umeandika wenyewe.

Matokeo aliomba, mwezi wa tatu. Nilimwambia bado yanatangazwa, na tangu hapo hakuuliza tena, ananiamini. Hilo sikuliandika kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Dogo anaweza kusamehewa, ni damu yake. Mimi akijua hatanipigia tena.

Dkt_Mtarajiwa

Mimi nakuamini. Swali moja: koti umeazima kwa nani? Mengi ya hapa yana jina limeshonwa mfukoni.

Mwana_Katuba

Lina jina. Nimelifunika kwa plasta ya kidonda.

Dkt_Mtarajiwa

Mzee anajua kusoma?

Mwana_Katuba

Ndiye anayesoma masomo kanisani kila Jumapili.

Dkt_Mtarajiwa

Rudisha koti leo. Na simu apige Dogo mwenyewe, wewe kaa pembeni tu. Sisi kwenye kundi letu tuna neno moja: yaya anasindikiza mpaka mlangoni, kugonga anagonga mwenyewe. Nami nilihama, ndugu yangu, nilitoka polyteknik kuja huku. Mama yangu alilia siku mbili, siku ya tatu akauliza nitakula wapi.

BiZawadi_Goma

Nilikuwa mkali kwako na sijafuta neno. Lakini pole kwa baba yako. Dogo aanze na 16 yake au aanze na msamaha?

Mtoto_wa_Luapula

Msamaha. Namba zifuate.

Papa_wa_Reli

Na aseme kabla mzee hajapanda gari. Asije akasafirisha furaha usiku kucha kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.

Mwana_Katuba (Ijumaa, saa tatu usiku)

Koti nimerudisha jana. Plasta iliacha alama ya gundi, nikaisugua kwa mafuta ya taa mpaka ikatoka.

Dogo amepiga leo saa kumi na moja jioni, tukiwa chumbani kwangu, amesimama anatazama ukuta. Alisema yote kwa Kibemba, haraka, bila kupumua. Msamaha, kuhama, barua. Aliposema barua niliandika mimi alinitazama, nikamfanyia ishara aendelee. Upande wa pili kimya kirefu, nasikia watu wakipakia makreti. Kisha mzee akauliza kitu kimoja tu: "Historia ya nani?"

Dogo akafungua kinywa, na salio likaisha. Kufika dukani na kurudi, simu ya mzee haipatikani. Nadhani gari limeshaondoka, njiani mtandao ni wa shida.

MamaPendo_Bukavu

Amepanda gari, sivyo? Mtu asiyetaka kuja asingepanda.

Asiyekunywa_Chai

Ndugu yangu, nimekaa na uzi huu tangu juzi. Nisamehe. Utupe mrejesho.

Mwana_Katuba (Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri)

Tuko kwenye maegesho ya magari ya samaki, mimi na Dogo. Baridi inakata masikio. Magari mawili yameshaingia, hayumo. Dogo ana lile daftari ndani ya jaketi, mimi nimeshika blanketi. La tatu linapiga kona sasa hivi, kuna watu juu ya mizigo.

Papa_wa_Reli

Weka simu mfukoni, mwanangu. Kampokee.