Wafamasia wangu wawili hawakubaliani kwenye kukagua majibu ya AI, nichukue wastani?

kalamu_nyekundu
Wakuu habari zenu. Nina ka-app kanajibu maswali ya dawa, modeli inavuta vipande kutoka kwenye nyaraka zetu afu inaandika jibu. Nimepata wafamasia wawili wa kukagua, nikawapa spredishiti moja yenye swali, jibu na safu ya alama 1 mpaka 5. Sasa ndo naona balaa. Kuna jibu linasema mtu mzima ameze paracetamol gramu 1 kila baada ya saa 4, basi. Mmoja kalipa 4, mwingine kalipa 1. Kuwauliza, wa kwanza anasema lugha nyepesi na dozi ya mara moja iko sawa, wa pili anasema kikomo cha gramu 4 kwa saa 24 hakijatajwa, na mtu akimeza kila saa 4 usiku na mchana anafika gramu 6. Yani wote wana hoja. Nichukue wastani au nitafute mtu wa tatu? Hela ya mtu wa tatu kwanza sina.

chujio
Wastani usithubutu mkuu. 4 na 1 wastani wake 2.5, sasa developa akiona 2.5 anarekebisha nini? Wafamasia wako hawana shida, shida ni ulichowauliza. Ukimwambia mtu "toa alama 1 mpaka 5" mmoja anapima lugha mwingine anapima usalama. Futa hizo alama. Uliza kitu kimoja: jibu hili likimfikia mgonjwa hivihivi lilivyo, linapita au halipiti? Pembeni aandike kwanini, kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa kukosea tahajia.

Na usiwape orodha ya aina za makosa mapema, wataishia kuona yale tu uliyoyafikiria wewe. Acha waandike huru kwenye majibu kama 100 hivi, afu kaa nao mpange yale maelezo kwenye mafungu: kikomo hakijatajwa, kajibu swali lisiloulizwa, kanukuu waraka wa zamani na kadhalika. Fungu kubwa ndo la kuanza nalo.

Swali: wanaona vipande ambavyo modeli ilivuta, au wanaona jibu tu?

kalamu_nyekundu
Jibu tu aisee.

chujio
Basi hapo mnapapasa gizani. Kama kile kikomo hakikuwemo kwenye vipande vilivyovutwa, kosa liko kwenye utafutaji, promti (yale maelekezo unayoipa modeli) utaibadilisha mpaka uchoke. Kama kilikuwemo na modeli ikakiruka, hapo sasa rudi kwenye promti. Lebo ya "halipiti" peke yake haikwambii ni kipi kati ya hivyo viwili.

mbili_kasoro
Mi naongezea la makubaliano maana watu wanajidanganya sana hapa. Mtu anakwambia wakaguzi wangu wanakubaliana 90% anatamba. Haya chukua majibu 100, kila mmoja kapitisha 90 kakataa 10. Hata wangekuwa wanabofya bila kusoma, kwa bahati tu wangekubaliana 82% (0.9 mara 0.9 ni 0.81, ongeza 0.1 mara 0.1). Ndo maana kuna kappa ya Cohen, kipimo cha makubaliano cha tangu 1960, inatoa hiyo bahati kwanza: 0.90 toa 0.82, gawa kwa 0.18 (yani 1 toa 0.82), unapata 0.44. Sio ya kutambia. Ukihesabu, majibu yaliyokataliwa na angalau mmoja wao ni 15, na waliyokataa wote wawili ni 5 tu. Na hayo mabovu ndo uliwalipa wakutafutie!

Halafu spredishiti moja wote wawili?? Yani huyu anaona alama za mwenzake? Tenganisha haraka. Sisi tulifanya kosa hilo, mkaguzi wa pili akawa anafuata wa kwanza kimyakimya, tukafurahia makubaliano ambayo hayakuwepo.

mpita_njia7
Kwani msiipe tu AI nyingine ikague, mbona mnajitesa

mbili_kasoro
Inawezekana, ila utajuaje kama inakagua vizuri bila lebo za hao wafamasia? Lebo kwanza. Na usiipime kwa asilimia ya jumla, maana AI mkaguzi anayepitisha kila kitu kwenye mfano wangu hapo juu anapata 90% bila jasho. Angalia kati ya mabovu kakamata mangapi, na kati ya mazuri kapitisha mangapi, kwa majibu ambayo hukuyatumia kuandika promti yake.

kalamu_nyekundu
Nimerudi. Nimetenganisha spredishiti, nimeweka linapita/halipiti na safu ya kwanini, vipande vyote vinaonekana. Wale wawili nimewapa majibu 30 yaleyale wakague kila mtu kivyake, afu tukakaa pamoja kwenye yale waliyopishana. Yalikuwa 7. Kwenye 5 walielewana ndani ya dakika chache tu, ikabidi tuandike kanuni moja: jibu lolote la dozi bila kikomo cha siku halipiti hata lugha iwe tamu vipi. Mawili yaliyobaki wamebishana mpaka chai ikapoa, nikamteua mmoja awe na neno la mwisho, na ubishi wenyewe nimeuandika pembeni ya lebo.

Ile ya paracetamol nimeifungua, kikomo kilikuwemo kwenye kipande cha pili. Kumbe promti yangu mwenyewe ilisema "jibu kwa sentensi moja".

chujio
😂😂 haya bwana