Ngumi: Muhammad Ali wa 1966 na Mike Tyson wa 1988 wakikutana, nani anaanguka?

Wakuu habari za usiku. Jana kijiweni pale Mwanga, hapa Kigoma, tumebishana mpaka chai ikapoa, kijana mmoja wa bodaboda kashikilia kwamba Tyson wa 1988 angemlaza Ali ndani ya raundi tatu, ushahidi wake ni Michael Spinks, bondia aliyepigwa na Tyson mwaka huo, sekunde 91 tu mtu yuko chini. Mimi nakataa, ila jana kelele zilinizidi, leo naandika.

Kwanza tukubaliane ni Ali yupi. Wengi mnamleta yule wa Kinshasa 1974 kwa sababu ndiye tunayesimuliwa huku, kuna mzee Ujiji kila siku anatuambia kule Zaire ilikuwa saa kumi alfajiri, huku kwetu saa kumi na mbili, watu wameganda kwenye redio. Lakini yule alikuwa na miaka 32, miguu ishapungua, ndo maana aliegemea kamba akamwacha mpinzani wake George Foreman apige mpaka achoke, raundi ya 8 akammaliza. Ukiegemea kamba mbele ya Tyson umekwisha. Foreman alikuwa anatupa makonde mazito ya kuzungusha, unayaona yanakuja, Tyson anakupa ya mbavu na ya kidevu kabla hujashusha mkono. Kwa hiyo Ali wa 1974 nawaachia, Tyson anashinda.

Ali wangu mimi ni yule aliyempiga Cleveland Williams pale Houston 1966, kabla hawajamvua ubingwa 1967 kwa kukataa jeshi akakaa nje zaidi ya miaka mitatu. Yule anarudi nyuma huku anapiga, unaifuata sura yake unakuta ameshahama. Halafu ana sentimita 191, Tyson 178, so Tyson lazima aingie ndani ndo apige. Sasa nani aliwahi kumzuia asifanye kazi huko ndani? Bonecrusher Smith 1987 alimkumbatia raundi 12, kweli alipoteza kwa pointi lakini alimaliza amesimama. Buster Douglas Tokyo 1990 akatumia jebu ndefu, yaani ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, Tyson akisogea anakumbatiwa, raundi ya 10 akaanguka. Mtasema Tyson wa Tokyo hakuwa fiti na kocha wake Kevin Rooney alishaondolewa, sawa nakubali kabisa, ila njia ilionekana, na jebu ya Ali ilikuwa na kasi kuliko ya Douglas, na miguu ile Douglas hakuwa nayo hata robo.

Kinachoninyima usingizi ni ngumi ya kushoto. Henry Cooper alimwangusha Ali kwa kushoto London 1963, Frazier naye kushoto hiyohiyo raundi ya 15 mwaka 1971. Ali anapenda kushusha mikono na kukwepa kwa kuvuta kichwa nyuma, na kushoto ya Tyson inaruka toka chini kabisa. Kwa hiyo raundi nne za kwanza naziogopa kwelikweli, siwadanganyi. Lakini mara zote mbili aliinuka, na Cooper raundi iliyofuata alichanika jicho pambano likaishia hapo.

Na hiyo ya Spinks jamani muiache, Spinks alionekana kaogopa toka anaingia ulingoni. Ali alimfuata bingwa Sonny Liston 1964 akiwa na miaka 22, karibu kila mtu anasema kijana anaenda kuumizwa, akatoka na mkanda.

Mimi naona hivi: Tyson anachukua raundi tatu za mwanzo, Ali anaweza kukaa chini mara moja, kuanzia ya 6 Tyson anapumua kwa mdomo anakula jebu, ya 11 refa anaingia kati.

Watu wa Tyson njooni, ila nijibuni kitu kimoja, raundi ya 7 imefika na Ali bado amesimama anazunguka, Tyson anafanya nini? Na pambano tunaliweka raundi 15 za enzi za Ali au 12 za Tyson?