Kuondoa hewa ukaa angani: mashine ya Naivasha, bayocha, unga wa basalti au mikoko?

Kipimo:
Wakuu, naomba tulinganishe kwa namba. Kwamba mashine inaweza kunyonya hewa ukaa kutoka angani, hilo halina ubishi tena. Kule Hellisheiði, Iceland, mtambo wa Orca ulianza Septemba 2021 ukiwa na uwezo wa tani 4,000 kwa mwaka, na Mei 2024 ukafuata Mammoth uliosanifiwa kwa tani 36,000. Kenya nayo ina Octavia Carbon, wanaounda mashine za aina hiyo ili zitumie joto la ardhini la Bonde la Ufa. Sasa tuchukulie lengo la kuondoa tani 1,000 kwa mwaka huku kwetu. Fedha iende kwenye mashine ya jotoardhi Naivasha, bayocha (mkaa wa kutiwa shambani), unga wa basalti (mwamba wa volkano uliosagwa), au mikoko? Anayejua kinachoharibika aseme na kinachoharibika.

Jotoardhi_254:
Naanza na mashine. Feni inavuta hewa kupita kwenye chujio lililopakwa kemikali ziitwazo amini, zinazoshika hewa ukaa. Chujio likishashiba, milango inafungwa, pampu ya ombwe inatoa hewa yote iliyobaki ndani, kisha chujio linapashwa nyuzijoto 80 hadi 100. Hewa ukaa inaachia, inatoka pamoja na mvuke, mvuke unapozwa ugeuke maji, na gesi iliyobaki inaenda kwenye kompresa.

Mpangilio huo haurukwi hata hatua moja. Ukipasha kabla ya kutoa hewa, oksijeni inaiunguza ile kemikali na chujio linakufa kabla ya wakati wake. Kufungua milango chujio likiwa bado la moto ni kosa lilelile. Kwa hiyo gasketi za milango ndizo za kukagua mara kwa mara: ikivuja kidogo tu, hewa haitoki yote inavyotakiwa na uharibifu unaanza kimyakimya, bila kengele yoyote kulia.

Nguvu: kila tani inataka takribani kWh 2,000 za joto na kWh 500 za umeme. Kwa tani 1,000 na saa 8,000 za kazi kwa mwaka, hiyo ni kW 250 za joto na zaidi kidogo ya kW 60 za umeme, bila kukatika.

Jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu ni mwinuko. Usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina gramu 0.75 hivi za hewa ukaa. Naivasha, karibu mita 1,900 juu, hewa ni nyepesi kwa asilimia 20, unabaki na gramu 0.6. Chujio likikamata asilimia 60 ya hiyo, tani moja inadai upitishe mita za ujazo milioni 2.8 za hewa. Feni iliyopimwa kwa hesabu za pwani haitafikisha lengo kule juu.

Kipimo:
Na joto lenyewe linatoka wapi? Mvuke wa kisima si ndio unaouzwa kama umeme?

Jotoardhi_254:
Usiguse mvuke wa turbini. Chukua yale maji ya chumvi ya moto yanayobaki baada ya mvuke kutenganishwa, ambayo kwa kawaida hurudishwa ardhini yakiwa bado na joto tele. Ila yana silika (madini yaliyomo kwenye mchanga na kioo). Ukiyapoza kupita kiasi, silika inaganda ndani ya kibadilisha joto na mabomba yanakabwa. Weka mzunguko wa pili wa maji safi, uchukue joto kiasi tu na kuyaachia yale ya chumvi yakiwa bado moto. Sehemu za shaba ziweke mbali na gesi ya salfa ya kisimani, inazila.

Ukishakamata, lazima uzike. Kule Iceland, kampuni ya Carbfix huyeyusha gesi ndani ya maji na kuisukuma kwenye basalti. Katika jaribio lao, zaidi ya asilimia 95 iligeuka jiwe ndani ya miaka miwili. Bei yake ni maji: karibu tani 25 kwa kila tani ya hewa ukaa. Kwa tani 1,000 ni tani 25,000 za maji, na Naivasha maji yana wenyewe: wavuvi, wakulima wa maua, wafugaji.

Magunzi:
Kwa bajeti ya kawaida, bayocha inaanza kesho asubuhi. Hesabu: tani moja ya bayocha ya magunzi au vifuu, yenye kaboni asilimia 70, imebeba kama tani 2.5 za hewa ukaa. Tani 1,000 za hewa ukaa zinadai bayocha tani 400, na kila tani ya bayocha inakula tani 4 hadi 5 za magunzi makavu. Pumba za mpunga zina majivu mengi, kaboni yake ni ndogo, usizipigie hesabu hiyohiyo.

Shimo la umbo la faneli, mdomo mita 1.5, kina sentimeta 80. Washa chini. Tabaka la juu likianza kupata majivu meupe, tandaza jingine jembamba juu yake. Ule moto wa juu ndio unaolinda mkaa wa chini usipate oksijeni. Shimo likijaa, zima kwa maji mengi hadi liache kufuka.

Moshi mweupe mzito maana yake magunzi ni mabichi au umetupia mengi kwa pamoja. Huo moshi una methani, na methani inapasha dunia kuliko hewa ukaa kwa mbali sana, hivyo unaweza kuharibu faida yote. Unyevu usizidi asilimia 15 hadi 20: gunzi likunjwe livunjike kwa mlio, si kujipinda.

Usiitie shambani ikiwa kavu. Inanyonya naitrojeni na mahindi yanageuka manjano. Changanya na samadi au mkojo wa ng'ombe, iache wiki mbili. Na kwenye udongo wenye magadi usiiweke kabisa, inapandisha pH, yaani inazidisha umagadi.

Mlilana:
Mikoko isiwekwe pembeni. Mikoko Pamoja pale Gazi, Kwale, wanalinda hekta 117 na wamekuwa wakihesabiwa takribani tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka; mapato yameleta maji na kusaidia shule. Sehemu kubwa ya kaboni iko kwenye tope, kwa hiyo kulinda msitu uliopo kunashinda kupanda mpya.

Wanaopanda hukosea mahali. Mkoko wenyewe, ambao ni aina moja tu ya miti ya mikoko, unapandwa ukingo wa mbele unaopigwa na mawimbi kwa sababu mbegu zake ni rahisi kuokota na kuchomeka. Mbele ni pa mlilana, aina nyingine. Mkoko ukae nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi, mchu unavumilia chumvi ya juu. Na mafuriko yakishusha mchanga ukafunika mizizi ya kupumulia, miti inakufa imesimama, kama ilivyotokea Mwache baada ya El Niño ya 1997.

Kokotoo:
Unga wa basalti ukitandazwa shambani hufunga hewa ukaa unapoyeyushwa polepole na mvua: kikomo cha kinadharia ni kama tani 0.3 za hewa ukaa kwa tani ya mwamba, tena kwa miaka mingi. Unafaa udongo wenye asidi, badala ya chokaa, ikiwa vumbi la kiwanda cha kokoto liko jirani. Lori likitembea mbali, dizeli inakula faida. Kupima kilichoondoka kweli ndiyo kazi ngumu.

Ila kwa watu wa mashine: dunia inatoa tani bilioni 37 hivi kwa mwaka kutokana na nishati ya kisukuku na saruji. Mammoth ikifanya kazi mwaka mzima kwa uwezo wake wote, inafuta kama sekunde 30 za hizo. Na ukiendesha mashine kwa makaa ya mawe, umeme na joto vitatoa tani 1.2 ili ukamate tani 1.

Kipimo:
Nimekubali jotoardhi ndilo sharti la mashine, na maji ndiyo yanayonitisha. Magunzi, swali la mwisho: unazuiaje watu wasiichukue bayocha kwenda kupikia? Ikiingia jikoni, kaboni imerudi angani.

Magunzi:
Ichanganye na samadi mbichi palepale shimoni, siku hiyohiyo, ikiwa bado imelowa maji ya kuzimia. Ponda vipande hadi visizidi punje ya mahindi. Pima uzito wa gunia baada ya kutoa sampuli ya kukausha, andika shamba lilikoenda. Mkaa uliopondwa ukachanganywa na samadi, hakuna jiko litakaloutaka.