Nilimtolea kaka yangu neno zito siku ya arobaini: niende vipi kwenye kikao cha ukoo?

Ndugu zangu, assalamu alaikum. Baba yetu amefariki na kutuacha watoto watano na nyumba moja ya Ngamiani, mjini Tanga, ambayo vyumba vyake viwili vya uani vimepangishwa. Siku ya khitma ya arobaini, sinia za pilau zikiwa ndiyo kwanza zinatolewa, nilimuuliza kaka yangu mkubwa mbele ya wageni kodi ya vyumba hivyo imekwenda wapi, na kabla hajajibu nikamwambia kuwa amekula mali ya marehemu. Hakusema neno. Aliifunika kwa kawa sinia iliyokuwa mbele yake, akachukua kofia yake, akatoka. Hadi leo hapokei simu yangu. Jumamosi tunakaa kikao cha ukoo kupendekeza msimamizi wa mirathi, na yeye ndiye anayetajwa. Swali la kodi bado ninalo na naamini ni la haki. Nalisemaje bila kuwatenganisha ndugu?

BintiPangani: Pole kwa msiba, mdogo wangu. Hukukosea kuuliza, ulikosea mahali, saa, na lile neno "amekula". Mtu ukimuuliza, unampa nafasi ya kueleza. Ukishamhukumu, hubakiwa na kujitetea au kuondoka, na kaka yako aliona heri aondoke, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa ni hisani kwako. Usisubiri kikao. Nenda nyumbani kwake pamoja na shangazi yenu, kama yupo, umtake radhi kwa kumvunjia heshima mbele za watu. Siku hiyo kodi usiitaje kabisa, kwa sababu radhi inayofuatiwa na "lakini" haisikiki.

MzeeChumbageni: Naafiki radhi, ila siafiki kwamba swali lizikwe, kwa kuwa nimeziona familia zilizonyamaza kwa kuogopana hadi wajukuu wakaja kushtakiana. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi. Muhtasari wa kikao cha ukoo hupelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na maombi ya usimamizi, na neno "mwizi" likiandikwa humo, litabaki kwenye jalada hata baada ya ninyi kupatana. Isitoshe, msimamizi akishateuliwa hutakiwa ndani ya miezi 4 kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu, yaani Fomu Na. 5, na baada ya hapo, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, hesabu katika Fomu Na. 6. Basi sema hivi tu: "Naomba kodi ya vyumba vya uani iingizwe kwenye orodha ya mali, kuanzia mwezi aliofariki baba." Hapo hujamtaja mtu, na swali lako limepata mahali pa kujibiwa.

Mleta mada: Ahsanteni sana. Shangazi amekubali, tunakwenda kesho baada ya swala ya alasiri. Maneno ya Mzee nimeyanakili kwenye daftari, ila nimeandika "tunaomba", kwani wadogo zangu wawili nao wana swali hilohilo.

BintiPangani: Rudisha "naomba". Akisikia "tunaomba", kaka yako atajua mmekwisha kukaa bila yeye.