Rimoti ya gari imegoma baada ya safari ya Tabora: ni betri, au kuna jambo jingine?

Mstaafu wa Mwanga

Wanajukwaa, habari za asubuhi. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Mwanga hapa Kigoma mjini, na gari langu ni dogo, lililotumika Japani kabla ya kunifikia. Wiki mbili zilizopita nililiacha uani nikapanda treni kwenda Tabora kwenye harusi ya mpwa wangu. Rimoti nilisafiri nayo kwa sababu imeungana na ufunguo wenyewe, ila mfukoni haikukaa: mjukuu wangu wa miaka mitatu aliigundua kabla hatujafika Uvinza, na tangu hapo hadi tunarudi ikawa ndiyo kitulizo chake. Alibonyeza njiani, akabonyeza ukumbini, na nadhani hata usingizini alikuwa akibonyeza.

Tangu niliporudi juzi, kitaa chekundu cha rimoti kinawaka kama kawaida, lakini milango haifunguki. Nikitumia ufunguo wa chuma mlango unafunguka, injini inawaka bila shida na taa za ndani ziko sawa. Kijana mmoja wa gereji ameniambia kwamba "namba zimeisha" na kwamba ninunue rimoti nyingine. Mimi nimefundisha hesabu miaka mingi na sijapata kusikia namba zikiisha. Naomba mwenye ujuzi anieleze kinachosafiri kati ya rimoti na gari, na kama kubonyeza ukiwa mbali kunaweza kuiharibu. Nimesikia pia kwamba wezi wana chombo cha kunasa mawimbi ya rimoti. Kama ni kweli, pengine niache kuitumia kabisa.

Nahodha wa Kibirizi

Pole, Mwalimu. Mimi ningeanza na betri, tena ya gari, si ya rimoti. Kipokezi kilichomo ndani ya gari hakilali hata ukizima injini, kwa kuwa hakijui ni saa ngapi utabonyeza, hivyo kinakula umeme kidogo kidogo mchana na usiku. Gari lililokaa wiki mbili na betri iliyochoka linaweza kukataa rimoti kabla ya kukataa mambo mengine.

Fundi Rewaya

Shikamoo, Mwalimu. Hoja ya ndugu Nahodha ina msingi, lakini gari ambalo injini yake inawaka mara moja baada ya wiki mbili halina betri mbovu, kwa hiyo hiyo tuiweke kando. Mimi namshuku mjukuu.

Rimoti ni kituo kidogo cha redio ambacho hakitangazi chochote mpaka kibonyezwe. Ndani yake mna chipu iliyolala ili kutunza betri, na ukibonyeza inaamka, inatunga ujumbe mfupi wa tarakimu za sifuri na moja, inaurusha hewani kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha inalala tena. Ujumbe huo unaeleza rimoti yenyewe ni ipi, kwa kutaja namba yake ya kuzaliwa, na unaeleza ni kitufe gani kilichobonyezwa, cha kufunga au cha kufungua. Kama ungeishia hapo, ujumbe ungekuwa uleule kila siku, na mtu yeyote mwenye redio ya kurekodi angeunasa leo akaurudia kesho. Rimoti za zamani zilikuwa hivyo hasa, na zililetea watu hasara.

Ndiyo maana kikaongezwa kihesabu. Mwalimu, unafahamu tokeni za LUKU: tarakimu ishirini, ukishaziingiza mita inapokea umeme, na ukizirudia mita inazikataa kwa kuwa imeshazitumia. Rimoti nayo hutoa tokeni mpya kila inapobonyezwa. Kihesabu kinapanda kwa moja, hesabu hiyo inachanganywa na ufunguo wa siri, yaani namba inayojulikana na rimoti na gari tu, na kinachotoka hewani ni fumbo ambalo msikilizaji wa nje hawezi kulitumia kubashiri fumbo litakalofuata. Gari linalifumbua, linasoma kihesabu, na kama kimesogea mbele kuliko mara ya mwisho linaruhusu mota za vitasa zifanye kazi. Kikiwa kilekile au cha nyuma, linanyamaza.

Hapa ndipo anapoingia mjukuu. Rimoti inapobonyezwa Tabora haijui kama gari linasikia au halisikii, inahesabu tu. Gari lililoko Mwanga halikusikia lolote, hivyo kihesabu chake kimebaki palepale kilipokuwa siku uliyoondoka. Waliobuni mfumo huu walijua kwamba rimoti itabonyezwa mfukoni, kwa hiyo wakaliachia gari nafasi ya kuvumilia. Nitoe mfano wa KeeLoq, mfumo uliobuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980 na kuuzwa mwaka 1995 kwa kampuni ya Microchip ya Marekani, nao umetumiwa katika magari na mageti mengi. Katika mpangilio wake wa kawaida, rimoti ikiwa imetangulia kwa hatua zisizozidi 16, mlango unafunguka mara moja. Ikiwa imetangulia zaidi ya hapo, hadi hatua 32,000 na ushei, gari halifungui kwanza, bali linaikumbuka hesabu hiyo na kusubiri. Ikifuatiwa papo hapo na inayoiandamia, linaridhika kwamba rimoti ni yenyewe, na mlango unafunguka. Si kila gari linatumia KeeLoq, na viwanda vingine huweka nafasi pana zaidi, lakini kanuni ni hiyohiyo.

Kwa hiyo "namba zimeisha" ni kauli isiyo sahihi. Namba hazijaisha, zimepishana. Simama karibu na mlango wa dereva, bonyeza kitufe cha kufungua, achia, kisha bonyeza tena kabla hujafanya jambo lingine. Ikikataa, ingia ndani, weka ufunguo kwenye swichi, ufungue swichi bila kuwasha injini, uufunge, utoke ujaribu tena, maana magari mengine yanataka hatua hiyo. Kijana wa gereji asikuuzie kitu kabla hujafanya haya.

Usikitegemee sana kile kitaa chekundu. Kinawaka kwa umeme mdogo sana, na huendelea kuwaka hata pale betri ya rimoti inaposhindwa kusukuma mawimbi mita mbili. Mtoto aliyebonyeza wiki mbili amemaliza betri pia, hilo sina shaka nalo.

Mama Gungu

Naongezea kuhusu kununua rimoti nyingine, kwa sababu mimi nilishaliwa fedha hapo. Rimoti yangu ilipopotea nilinunua nyingine sokoni, yenye umbo lilelile, vitufe vilevile, hata rangi, na mafundi wawili wakashindwa kulifundisha gari liitambue. Wa tatu akaifungua na kunionyesha kijisanduku kidogo cha chuma juu ya sakiti, kimeandikwa 433. Ile ya zamani ingekuwa 315. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, kama yale ya soko la Marekani, kwa kawaida hutumia masafa ya megahezi 315 au karibu na hapo, na ya soko la Ulaya hutumia 433.92. Kipokezi cha gari kimesetiwa kwenye masafa yake tu, kwa hiyo ile rimoti ya pili ilikuwa ikitangaza kwenye stesheni ambayo gari langu halina.

Na betri nayo, Mwalimu, soma namba yake kabla ya kuinunua. CR2032 na CR2016 zina upana mmoja wa milimita 20, lakini ya kwanza ina unene wa milimita 3.2 na ya pili 1.6. Muuzaji asiyejali atakupa yoyote aliyonayo. Ile nyembamba inacheza ndani, inagusa leo na kesho haigusi, nawe utalaumu gari.

Mstaafu wa Mwanga

Marahaba, Fundi, na ahsanteni nyote. Nimebonyeza mara mbili, haikukubali. Nikaifungua rimoti, nikakuta betri ni CR1616, nikaizungukia karibu mji mzima mpaka nikaipata kwa fundi saa. Baada ya kuibadilisha nikabonyeza mara moja: kimya. Mara ya pili vitasa vyote vinne vikaitika kwa pamoja, hata mke wangu akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa wa namna mbili. Lakini swali la wezi bado sijajibiwa, na nashangaa pia jinsi injini ilivyokuwa ikiwaka wakati rimoti ilikuwa kama imekufa.

Fundi Rewaya

Nianze na la injini. Ndani ya kichwa cha ufunguo, kama gari lako lina mfumo huo, kuna chipu ya pili isiyohusiana kabisa na vitufe wala na ile betri. Kuzunguka swichi kuna koili inayotoa mawimbi ya masafa ya chini sana, kiasi cha kilohezi 125, na mawimbi hayo yenyewe ndiyo yanayoipa chipu umeme wa kujibu, kwa umbali wa sentimita chache tu. Gari likitambua jibu linaruhusu injini iwake. Hicho ndicho mafundi tunachokiita imobilaiza, na ndiyo maana ufunguo uliochongwa vizuri dukani, lakini usio na chipu, unaweza kufungua mlango na kuzungusha swichi bila injini kushika.

Kuhusu wezi, kurekodi na kurudia peke yake kwa kawaida hakusaidii kitu kwa sababu niliyoieleza ya tokeni iliyokwisha tumika. Iko mbinu nyingine iliyoonyeshwa hadharani mwaka 2015 na Samy Kamkar, mtafiti wa Marekani, kwa kifaa alichokitengeneza kwa takriban dola 32. Kifaa hicho kinapiga kelele kwenye masafa ya gari ili gari lisisikie, huku kikirekodi ulichobonyeza. Wewe unaona mlango haujafunguka, unabonyeza tena. Kinarekodi na cha pili, kisha kinarusha cha kwanza. Mlango unafunguka, unaondoka umeridhika, na mwizi amebaki na tokeni ya pili ambayo haijaingizwa kwenye mita.

Hata hivyo, tokeni hiyo inakufa mara tu utakapobonyeza tena na gari likapokea, kwa kuwa kihesabu kitakuwa kimeipita. Na kufungua mlango si kuwasha injini, kama nilivyosema. Mimi binafsi sijakutana na kifaa hicho kwa mteja wangu yeyote hapa Kigoma. Ninaokutana nao wameacha simu kwenye kiti kioo kikiwa wazi. Ukiwa mahali usipopaamini na rimoti ikagoma ghafla bila sababu, funga kwa ufunguo wa chuma na uhakikishe kwa kuvuta kitasa.

Nahodha wa Kibirizi

Nakubali kwamba nilikosea kuhusu betri ya gari. Ila nina swali langu. Mwalimu akiwa na rimoti ya akiba ambayo imelala kabatini mwaka mzima wakati hii ya kwanza inatumika kila siku, je, siku atakapoitoa haitaonekana ya zamani, kihesabu chake kikiwa nyuma mno, na gari likaikataa?

Fundi Rewaya

Hapana. Kila rimoti ina namba yake ya kuzaliwa, na gari hutunza daftari la kila moja peke yake. Ile ya kabatini itaendelea pale ilipoachia, mradi betri yake iwe nzima na Mwalimu aifiche mahali ambapo mjukuu hafiki.