Tupeane uzoefu: mliokataliwa mafao ya ulemavu Marekani mkakata rufaa, mlifanyaje?

Binti wa Nyarugusu (mwanzisha mada)

Habari zenu ndugu zangu. Kila wiki naulizwa kuhusu barua ya kukataliwa mafao ya ulemavu, na wengi wanaishia kusema "wameshakataa, tumwachie Mungu." Naomba tuandike hapa yaliyotupata wenyewe, ili mwenye barua mkononi apate pa kushika. Naanza mimi.

Mama yangu alikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, karibu miaka ishirini, tukaletwa huku 2016 akiwa tayari na magoti mabovu. Akafanya kazi kiwanda cha kuku, kwenye mstari wa kukata mabawa, mpaka vidole vikagoma kufunga. Mwaka 2019 tukamwombea SSI, ile ya mtu mwenye kipato na mali kidogo, kwa sababu michango yake ya kazini haikutosha kupata SSDI, ile ya mtu aliyechangia kutoka mshahara wake. Baada ya miezi mitano barua ikaja: hali yako haikuzuii kufanya kazi.

Nililia, halafu nikaenda kliniki kuomba rekodi zake zote. Nikakaa nazo mezani usiku, kurasa zaidi ya mia. Karibu kila ziara imeandikwa: mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Nikajiuliza, ni nani huyo anayeendelea vizuri, wakati mimi ndiye ninayemvalisha viatu?

Ndipo nikakumbuka. Daktari akiingia anauliza hali, na mama anajibu, "Sijambo, namshukuru Mungu." Mkalimani wa kwenye simu anatafsiri, daktari anaandika. Sisi tumelelewa hivyo. Hata mtu awe hoi kitandani, ukimjulia hali atakwambia nzuri, kisha ndipo aseme "ila tu mguu." Hiyo "ila tu" ya mama haikufika kwenye karatasi hata mara moja.

Tangu siku hiyo nikamwambia, "Mama, salamu tumpe daktari mlangoni. Ukishakaa kitini, naomba uanze na goti." Ilimwia vigumu. Aliona kama anakosa adabu, anamlalamikia mgeni. Nikanunua daftari, kila jioni nikaandika alichoshindwa siku hiyo. Ninalo mpaka leo: "Saa kumi na moja alfajiri ameamka, ameshindwa kufunga kitenge, nimemfungia. Sufuria ya ugali imemponyoka. Ngazi nne za mlangoni, amepumzika mara mbili." Daktari alisoma kurasa tatu tu, akainua macho, akaanza kumpima upya mikono yote miwili. Barua aliyoandika baada ya hapo haikusema tu "ana maumivu". Ilisema anaweza kusimama dakika ngapi, kunyanyua uzito gani, kushika kitu kwa muda gani.

Rufaa ya kwanza, ambapo mtu mwingine anapitia faili upya, tulikataliwa tena. Msivunjike moyo hapo. Hatua ya pili ni mbele ya jaji wa Social Security, shirika la serikali linalotoa mafao haya, na pale ndipo mtu anapokusikia ukiongea. Sisi tulisikilizwa kwa simu mwaka 2021, na mkalimani wa Kiswahili alitolewa bure. Jaji akamuuliza mama ananyanyua pauni ngapi. Mama hajui pauni. Mkalimani akatafsiri vilevile, kukawa kimya. Mama akasema, "Galoni ya maziwa naishika kwa mikono miwili, nikifika mezani nimechoka." Galoni ya maziwa ni kama pauni nane na nusu. Jaji aliandika hilo.

Alikubaliwa, akiwa na miaka 57. Wakili alitueleza kwamba kuanzia miaka 50, na zaidi kuanzia 55, kanuni zinaangalia pia kama kweli mtu huyo anaweza kuanza kazi ya aina nyingine. Ila jueni, zamani kutojua Kiingereza nako kulihesabiwa upande wako. Tangu Aprili 27, 2020 hakuhesabiwi tena. Kwa hiyo msitegemee hilo, leteni ushahidi wa mwili.

Wengine karibuni.

Kaka wa Dayton

Asante sana dada. Hiyo ya "sijambo" imenichoma, maana faili langu liko vilevile.

Mimi ni mgongo. Nilikuwa ghala moja la mizigo, nikateleza na boksi. Niliomba SSDI maana nimechangia miaka tisa. Nilipokataliwa, jamaa mmoja aliyejua zaidi yangu akaniambia, "Achana na rufaa, omba upya, ni haraka." Nikamsikiliza. Ombi jipya nalo likakataliwa, na nilikuwa nimeshapoteza tarehe ya ombi la kwanza. Malimbikizo, yaani pesa za miezi ya nyuma, huhesabiwa kwa kufuata tarehe hiyo. Miezi kumi na nne ya madai yangu ilikwenda hivyo, na nina watoto wanne. Ndugu zangu, kama mna barua ya kukataliwa, kateni rufaa. Msianze upya kabla ya kuongea na mtu anayeijua sheria.

Muda ni siku 60 tangu upokee barua, na wao wanahesabu kwamba uliipokea siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Kila hatua ina siku 60 zake: kupitiwa upya, jaji, baraza la rufaa, kisha mahakama ya shirikisho. Ukichelewa bado unaweza kuomba wapokee, ila ueleze sababu kwa maandishi. Kulazwa hospitali ni sababu. Kutoelewa barua kwa sababu ya lugha nako kumetajwa kwenye kanuni zao. Mimi sikujua, nikanyamaza.

Mzee wa Bukavu

Shukrani wanangu. Swali: niende na mjukuu wangu anitafsirie? Ana miaka 13, anajua vizuri.

Binti wa Nyarugusu

Shikamoo mzee. Naomba usimpeleke mtoto. Piga simu mapema uombe mkalimani wa Kiswahili, ni haki yako na hulipi chochote. Kuna mambo utapaswa kusema pale, ya choo, ya usingizi, ya yale uliyoyaona vitani, ambayo hutayasema mbele ya mjukuu. Nilimtafsiria mama kliniki miaka miwili, na siku alipopata mkalimani mtu mzima ndipo nilipojua kwamba alikuwa haoni usingizi tangu Kivu.

Na mkalimani akiongea Kiswahili usichokielewa, sema hapohapo. Cha Mombasa na cha Bukavu si kimoja, na jaji hawezi kujua kama hamkuelewana.

Mama Mapacha

Mimi niko Minnesota, natoka Kisumu. Yangu ni ya mwanangu mwenye selimundu. Alikuwa akipata SSI tangu utotoni. Alipofika miaka 18 wakampima upya kwa vigezo vya watu wazima, barua ikaja kwamba malipo yanakatwa. Sikujua kama hilo hufanyika kwa kila mtoto anayefikisha 18.

Sikilizeni hapa, maana hapa siku 60 hazitoshi. Kama ulikuwa unalipwa na sasa wanasitisha kwa sababu ya afya, ukitaka malipo yaendelee wakati rufaa inasikilizwa, unatakiwa kuomba ndani ya siku 10. Mimi nilipeleka siku ya nane, jioni, mikono ikitetemeka. Na uambiwe ukweli wote: ukishindwa, wanaweza kukudai hizo pesa.

Kilichotusaidia ni shule. Mwalimu wake aliandika siku alizokosa, siku alizolala kichwa mezani, mara alizochukuliwa na gari la wagonjwa. Nilikuwa nimekusanya vipimo vya damu tu, nikidhani damu inajieleza. Haijielezi. Ilibidi mtu aseme maumivu yakianza, kijana hawezi kushika kalamu kwa wiki nzima.

Dada wa Leicester

Naingilia nikiwa Uingereza, huku mafao ya ulemavu tunayaita PIP. Hapa una mwezi mmoja tu kuomba uamuzi uangaliwe upya, wakikataa unakwenda kwenye baraza huru. Wanahesabu alama: 8 unapata kiwango cha kawaida, 12 cha juu. Shughuli ya kwanza wanayoulizia ni kuandaa chakula. Nikajibu, "Napika." Mwanamke wa kwetu atasemaje hapiki? Ukweli ni kwamba dada yangu ndiye humenya, ndiye humwaga maji ya moto, mimi nakoroga nikiwa nimekaa. Sheria inauliza kama unafanya kwa usalama, vizuri, tena na tena, kwa muda unaofaa. Nilipolieleza hivyo mbele ya baraza, nilipewa. Kulisema ndiko kulikokuwa kuzito kuliko fomu yote.

Kaka wa Dayton

Kuhusu wakili, maana nimeulizwa pembeni. Kwa kawaida hulipi mwanzoni. Ukishinda anachukua robo ya malimbikizo, na kuna kikomo, mwisho wa Novemba 2024 kilipandishwa kuwa dola 9,200. Anayekudai pesa mkononi kabla ya kazi, mkimbie. Miji mingi ina ofisi za msaada wa sheria za bure, tuanzie huko. Na ushahidi mpya upelekwe, au angalau uwataarifu kwamba upo, si chini ya siku tano za kazi kabla ya kusikilizwa.

Binti wa Nyarugusu

Nimesahau jambo kubwa kwa sisi tuliokuja kama wakimbizi: SSI yetu ina kikomo cha miaka saba, mpaka upate uraia. Mama hakuweza kukariri maswali wala kujifunza Kiingereza, daktari akamjazia fomu N-648 ya kuomba asamehewe mtihani. Msingoje mwaka wa saba ndipo mwanze. Tena SSI ikikubaliwa, malimbikizo makubwa huja kwa mafungu, miezi sita kati ya moja na jingine. Msikope mkitegemea yaje yote kwa mkupuo.

Mgeni wa jiji

Jamani nimesoma yote. Barua ya baba ni ya tarehe 3 mwezi huu, nimeikuta leo katikati ya matangazo ya pizza. Leo ni tarehe 29. Daktari wake yuko likizo wiki tatu. Nimsubiri?

Binti wa Nyarugusu

Usimsubiri. Bado una zaidi ya mwezi, lakini rufaa ipeleke sasa, barua ya daktari itafuata. Inajazwa kwenye tovuti ya Social Security. Weka nakala ya kila ukurasa, hifadhi na uthibitisho kwamba imepokelewa. Baba yuko karibu? Kaa naye, muulize alishindwa nini leo tangu asubuhi. Akikujibu "sijambo mwanangu," nyamaza kidogo, kisha muulize tena.