Fundi kanitoza SABUNI YANGU MWENYEWE, na iliyobaki kaondoka nayo!

Assalaam alaykum wana jukwaa. Mikono bado inanuka petroli, kwa hiyo anayetaka lugha laini apite uzi mwengine.

Nyote mnamjua. Yule mwenye vespa, anayekwambia "niko njiani" na huku unamsikia anapiga miayo. Simtaji. Ukishasema fundi wa vespa, Pemba nzima inashika mifuko.

Tumetoka Chake na ile Hiace yetu kongwe, tuliyoing'oa viti tukatia godoro na jiko la gesi, tukalale ufukweni Vumawimbi na familia. Konde tumepita salama, tukaingia msitu wa Ngezi, humo jiwe likagonga tangi. Tundu lenyewe hata punje ya mtama haipiti, lakini petroli tone, tone, tone. Watoto nikawateremsha, jiko na mtungi nikavipeleka mbali, nikapiga simu. Tumemngoja tangu adhuhuri mpaka popo wa Ngezi wanatoka kwenda kutafuta chakula!

Kaja. Hana spana, hana gundi, hana hata kitambaa. Kachungulia chini ya gari, kaguna, kisha kamwendea mke wangu anayekosha vyombo, kaokota kipande cha sabuni ya mche kwenye beseni. Hakuomba. Kaimega kwa ukucha wa gumba, kaifinyanga, kaisukumiza tunduni, kapangusa. Petroli ikakata. Hilo sikatai.

Sasa sikilizeni hesabu. Kasimama mbele ya mama mkwe wangu, mama wa watu kashika tasbihi yake, na fundi anahesabu kwa vidole. Ufundi elfu ishirini. Haya. Mafuta ya vespa elfu tano. Haya. "Na sabuni elfu mbili."

NA SABUNI!

Nikamuuliza, sabuni gani fundi? Kanijibu bila kupepesa, "Si hiyo iliyoziba tangi, kaka." Hiyo hiyo! Imetoka beseni langu, ina povu la sahani zangu, nimeinunua Chake kwa pesa yangu! Kisha kilichobaki kakitia mfukoni, kapiga kiki vespa, huyooo. Angenitoza hewa aliyovuta pale msituni ningelipa. Lakini sabuni yangu? Mbele ya mama mkwe? Vyombo tumekosha kwa mchanga wallahi.

BintiWete: Pole sana kaka. Mie feni belti ilinikatikia mlangoni kwangu, akafunga kamba aliyoianua uani na nguo zangu zikaanguka mchangani. Kamba ikaandikwa kwenye bili. Mtu huyo huyo.

Mzee_wa_Spana: Bei kakosea, kazi hakukosea. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, ndiyo maana inaziba. Adui yake maji, kwa hiyo usivuke dimbwi nayo. Ukirudi mjini tangi livuliwe, likoshwe mpaka mvuke wote utoke, ndipo lichomelewe. Tangi tupu lenye mvuke huripuka, usiliamini.

Mwenye uzi: Mzee wangu, mie nazungumzia dhulma, wewe unanisomesha tangi! Kanitoza sabuni YANGU!

Mtoto_wa_Mkoani: Tumesikia sabuni. Mama mkwe alisema nini?

Mwenye uzi: Hakusema kitu. Kafungua pindo la kanga, kanitolea elfu mbili, anataka kunilipia. Mnaelewa sasa?

Mtoto_wa_Mkoani: 😂😂😂 Mwanamme ana gari lenye kitanda, sabuni analipiwa na mkwewe!

Pweza_Mkavu: Na kwani Vumawimbi mnakwenda na godoro la nini? Wavuvi wanapiga dago, kambi yao ya pwani, kwa tanga moja na sufuria, wala hawaiti fundi.

Darajani_Boy: Huku Unguja bora mafundi gari. Njooni muwaone mafundi cherehani. Kanzu ya Idi nimeipata Idi imeshapita, na mkono mmoja unaishia kwenye kiwiko.

BintiWete: Usinikumbushe. Mie nilipeleka kitambaa cha gauni, kikarudi blauzi. Namuuliza, ananiambia "siku hizi ndiyo fasheni".

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye sabuni.

Ukhti_Mchangani: Darajani_Boy, ni yule wa ghorofani, redio haizimwi?

Darajani_Boy: Yule yule! Anakupima huku anakula kachori, mafuta yote kwenye tepu.

Ukhti_Mchangani: Nilimpelekea yadi nne za mume wangu, akasema hazikutosha, niongeze. Nikaongeza. Siku ya Idi mwanawe kapita mbele yangu na suruali ya kitambaa kile kile.

Mzee_wa_Spana: Yadi nne kanzu moja inatosha, labda mume awe na kimo cha mnazi.

Ukhti_Mchangani: Mume wangu mfupi, sheikh.

Darajani_Boy: Subiri. Suruali rangi gani?

Ukhti_Mchangani: Rangi ya maziwa, ina mstari mwembamba wa kahawia.

Darajani_Boy: Na mkono wangu umo humo.